Fahali wa Mahari Kupimwa Homa Mbele ya Wakwe

Geoffrey Emukule,
Karani Mstaafu wa Ghala la Pamba,
Moding.
Jumamosi, jua likielekea Uganda.

Kwa Daktari Mkuu wa Mifugo,
Ofisini kwako.

Mheshimiwa Daktari, mlinzi wa kila chenye kwato,

MINT: AFISA WAKO KUMNYIMA BABA YAKE MZAZI INI

Pokea salamu za mtu mwenye moyo uliojaa na tumbo lililo tupu. Natumaini wewe na ng'ombe wote walio chini yako hamjambo. Mimi ni mzima, na kama si mzima sitasema, maana siku hizi ukikohoa katika boma langu unaweza kuzungushiwa utepe. Nitaeleza.

Afisa wako anayekagua wanyama kabla ya kuchinjwa sehemu hizi zetu anaitwa Sharlyne Akiror. Namfahamu vizuri, kwa kuwa nilimzaa. Simchukii. Nasema hivyo mapema ili usije ukadhani barua hii imeandikwa kwa chuki. Imeandikwa kwa njaa, na kwa kutafuta haki.

Leo ilikuwa siku ya mahari yake. Wakwe walitoka Funyula wakiongozwa na Mzee Methuselah, baba wa kijana Arnold anayetaka kumwoa, pamoja na Mama Zilpa, shangazi wa kijana, ambaye ndiye msemaji wao na ana sauti ya kutosha kanisa zima bila kipaza sauti. Walikuja na fahali mweusi ndani ya lori la kanta. Katika ukoo wetu fahali huyo anaitwa wa langoni. Lazima achinjwe siku hiyo hiyo, hapo hapo kwa baba wa binti. Ini huchomwa kwanza, na kipande cha kwanza humezwa na baba wa binti mbele ya watu wote. Kabla sijameza, ndoa haijatamkwa. Fahali asipochinjwa, wageni hurudi kwao kama watu waliopotea njia tu, na posa inakuwa kama haikuletwa.

Na fahali mwenyewe, Daktari! Alishuka kwenye kanta, akatembea polepole hadi langoni, akapiga magoti, akainamisha kichwa. Nimehudhuria mahari nyingi katika maisha yangu, lakini sijapata kuona ng'ombe akiwasalimia wakwe. Wazee walivua kofia. Mama Zilpa akapiga vigelegele akasema, "Mmeona? Hata ng'ombe ya Funyula iko na adabu!" Mimi mwenyewe nikampiga fahali kofi la mgongoni, na hilo kwetu ndilo sahihi. Ukishampiga kofi umempokea, na huwezi tena kusema ana mguu mfupi au jicho baya. Ndugu yangu Ojakol, mchinjaji wa ukoo, akaanza kunoa kisu huku akiimba wimbo wa kanisani.

Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia. Nimeyapa nambari ili usipotee.

1. Afisa wako alitoka nje kabla hajaitwa. Binti anayeposwa hukaa chumbani mpaka mashangazi wamtoe kwa nyimbo. Yeye alichungulia dirishani, akamwona fahali amepiga magoti, akatoka mbio amevaa kitenge kipya, shanga za marehemu nyanya yake, na gambuti. Gambuti, Daktari. Zile za kazini. Kwa muda mfupi nilidhani amekuja kupiga magoti naye, nikafurahi.

2. Alimpima homa. Nilitaka kukuandikia mahali alipoweka kipimajoto, lakini mke wangu Petronilla amenikataza, kwa hiyo jua tu kwamba si mdomoni. Alifanya hivyo mbele ya baba mkwe, mtu ambaye kwa mila hatakiwi hata kumtazama usoni. Mzee Methuselah aligeuka akatazama migomba yangu kwa bidii kama mtu anayetaka kuinunua. Binti akakisoma kipimajoto akasema, "Arobaini na moja na kitu." Nilimweleza kwa upole kwamba hata mimi, ukinifungia ndani ya kanta kutoka Funyula na jua hili, nitakuwa na arobaini na moja na kitu. Utetezi huo haukusikilizwa.

3. Alidai kibali cha kumsafirisha mnyama. Mzee Methuselah alikohoa. Ikabidi isemwe hadharani, mbele ya kasisi, kwamba fahali alinunuliwa ng'ambo ya mto na kuvushwa kwa njia ya panya, ile isiyokuwa na afisa. Sasa, Daktari, tuzungumze kama watu wa mpakani. Nani hapa hajavuka pale? Shemeji zetu wako kule. Shangazi zetu wamezikwa kule. Hata sukari iliyo kwenye chai unayokunywa ukisoma barua hii, mimi sina hakika nayo. Ng'ombe hasomi ramani. Aliona majani kule, akaona majani huku, ni yale yale. Atajuaje kwamba amebadilisha rais?

4. Alisimama akimngoja acheue, eti asiyecheua ni mgonjwa. Hili lilituumiza wote. Boma zima, wakwe, kasisi, kwaya na wapiga picha, tuliutazama mdomo wa ng'ombe. Mdomo haukutikisika. Binti akatikisa kichwa. Lakini hebu fikiri, Daktari: mgeni gani mwenye malezi hutafuna ukweni kabla hajakaribishwa? Mimi nilipokwenda kuposa kwao Petronilla sikutafuna chochote tangu asubuhi hadi jioni, na hakuna aliyenipapasa tezi za shingoni. Huyu fahali alipapaswa. Alipapaswa mpaka chini ya masikio.

5. Hukumu yake ilitolewa kwa sauti kubwa kuliko kosa. Alisema, "Papa, hii haichinjwi. Na mtu asiiguse tena." Kisha akang'oa tepe nyeupe na za waridi zilizokuwa zimepamba hema la wageni, akamzungushia fahali mzingo mzima. Nimelipia hema lile pamoja na tepe zake. Kwa hiyo fahali alilala pale akiwa amepambwa vizuri kuliko bibi harusi. Halafu akachukua sabuni akatupanga mstari, sisi wote tuliomgusa, tunawe hadi viwiko. Mzee Methuselah alinawa. Mama Zilpa alinawa huku akisali. Ojakol, ambaye hajaamriwa kunawa tangu alipobatizwa, alinyang'anywa kisu na kupewa ndoo.

6. Ini. Sikula asubuhi. Jana jioni nilikula kidogo tu. Nilikuwa nimeshajichagulia kipande, kile cha pembeni ambacho huiva haraka na kubaki laini. Nimewaona baba wengine wakimeza kipande cha kwanza, na jinsi watu wanavyowatazama wanapotafuna, na nimengoja zamu yangu tangu mtoto huyu azaliwe. Zamu yangu ilifika, ikasimamishwa na mtu niliyemlipia karo.

7. Wakwe waliondoka. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu silo la kuchekesha. Kanta iligeuzwa. Mama Zilpa alitoa kichwa dirishani akasema, "Sisi tulikuja kutafuta bibi. Hatukukuja kutafuta inspekta." Kijana Arnold aligeuka nyuma, akageuka tena, mpaka vumbi likamficha.

Daktari, binti yangu ana miaka thelathini na minne. Mchumba wa kwanza alimkimbia kwa sababu binti alifunga bucha la mjomba wa mchumba huyo. Mimi simharakishi, na sitaki mahari kwa ajili ya mahari. Lakini nimemwona akimwandalia Arnold chai, na nimeona kwamba huweka sukari mwenyewe, jambo ambalo hanifanyii hata mimi. Anampenda. Naye alipowaona wakiondoka hakulia. Alivua shanga, akabaki na gambuti, akaketi jikoni na mama yake akala maharagwe. Angelia ningejua la kufanya. Naogopa, Daktari. Naogopa kwamba nitakufa nikimwacha katika nyumba hii peke yake na kipimajoto.

Sijui tabia hii ameitoa wapi. Mimi nilikuwa karani wa ghala la pamba, kazi yangu kutenganisha pamba safi na fifi, na sikuwahi kugombana na mtu yeyote isipokuwa wale walioleta fifi. Kweli, kuna mwaka nilimrudisha baba mkwe wangu nyumbani na gunia lake mgongoni mbele ya soko zima, lakini pamba ni pamba. Nilipomkumbusha Petronilla jambo hilo ili anisaidie kuelewa tabia ya mtoto, alicheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Mtoto umleavyo," akashindwa kumaliza. Wanawake wa siku hizi hawamalizi methali.

Kwa sababu hizo zote, naomba ofisi yako ifanye haya yafuatayo bila kukawia.

Itangazwe rasmi kwamba fahali wa mahari si mifugo. Akishapita langoni ni mkwe, na mkwe hapimwi homa. Ikishindikana hilo, basi sheria iwe moja kwa wote: kila mgeni apimwe langoni kama fahali. Apimwe kasisi. Apimwe msemaji. Mama Zilpa apapaswe tezi. Atakayeonekana ametulia kupita kiasi azungushiwe utepe mpaka acheue. Nakuhakikishia kwamba kwa utaratibu huo hakuna sherehe itakayofanyika tena kati ya Malaba na Busia, na maafisa wako watapumzika.

Naomba pia Afisa husika apewe likizo ya lazima siku zote za sherehe, Krismasi na matanga, na kipimajoto chake kifungiwe ofisini kwako, kwenye kabati lenye kufuli, ufunguo ukae kwako.

Mwisho, kwa kuwa kazi ya ofisi yako ndiyo iliyomfukuza mkwe wangu, ni haki ofisi yako iniletee mkwe mwingine. Sichagui kabila. Awe mzima wa miguu, macho maangavu, meno kamili. Awe amekaguliwa kabla, na mhuri wenu wa zambarau, ule wa nyama iliyokaguliwa, uwe umegongwa mahali panapoonekana, ili binti asipate sababu.

Nikingoja hatua yako ya haraka, nabaki mimi mwenye njaa na heshima zote. Unisalimie mama watoto, wanao, karani wako, yule daktari mfupi wa kuku, mlinzi wa lango na mbwa wake mwenye sikio moja. Waambie wote Yoga noi kutoka Moding. Ng'ombe wangu watatu wanakusalimu pia. Wamejificha nyuma ya nyumba tangu adhuhuri.

Wako katika kudhulumiwa,

Geoffrey Emukule.

Nyongeza, Jumamosi iliyofuata.

Daktari, barua hii haikukufikia mapema kwa sababu mtu pekee wa boma langu anayefika ofisini kwako ni Afisa mwenyewe, na niliona si busara kumbebesha. Imekaa katika mfuko wa koti langu. Naandika haya nikiwa nimeketi kwenye benchi nje ya kichinjio, hapa Malaba. Kuna mambo machache ya kurekebisha.

Jumapili tulipokuwa tukijiandaa kwenda kanisani tulimkuta fahali amekufa ndani ya tepe zake. Puani mwake mlitoka damu nyeusi isiyoganda. Ojakol alisema hata hivyo nyama ni nyama, tumchune upesi kabla hajapoa. Binti alisimama mbele yake amenyoosha mikono, akasema, "Baba mdogo, ukiifungua hii, tunakuzika." Nilikuwa sijawahi kumsikia akitetemeka sauti. Hakuruhusu kisu. Alichukua damu kidogo sikioni tu, akachimbisha shimo refu, akamwaga chokaa, na tepe zikaingia humo pia. Jibu lilitoka kwako mwenyewe, kwa hiyo unalijua. Ilikuwa kimeta. Hakuwa akitusalimia. Miguu ilikuwa imemshinda.

Sisi tuliomgusa tulipelekwa kupimwa. Nilipimwa homa. Mzee Methuselah naye alipimwa, na Mama Zilpa alipapaswa tezi kama nilivyoomba, ingawa barua ilikuwa bado mfukoni. Sote tu wazima. Ojakol sasa hunawa hata kabla ya kunywa pombe ya ajon, na anasema yeye ndiye aliyeanzisha desturi hiyo.

Sijalala vizuri wiki hii, Daktari. Kila nikifumba macho naona watu wale wote waliokaa chini ya hema langu: watoto wa kwaya, kasisi na sahani yake, Petronilla akigawa nyama. Halafu najiona mimi mwenyewe nimefungua mdomo. Kipande cha kwanza kilikuwa changu. Mtoto yule alijua hivyo tangu utotoni. Alipotoka na gambuti zake alikuwa akichagua kati ya mume na baba, na hakusita hata kidogo, nami nikaandika barua ya kumlalamikia yenye nambari.

Wakwe walirudi Jumatano bila kuitwa. Boma langu liko chini ya karantini, hakuna ng'ombe anayeingia wala kutoka, kwa hiyo wazee waliketi wakaamua kwamba lango la ukoo ni popote aliposimama baba wa binti. Ndiyo maana nimesimama, yaani nimeketi, langoni pa kichinjio. Fahali mpya aliletwa jana apumzike kwa mujibu wa sheria. Ana kibali, Mzee Methuselah amekionyesha kwa watu ambao hawakumwuliza. Wakaguzi wa hapa walitaka kumkagua, lakini mzee alikataa akasema, "Huyu ni wa msichana wetu. Yeye ndio atapima. Sisi tunangoja hapa." Binti alipokuja kumpima, Arnold alishikilia mkia.

Fahali huyu hakupiga magoti. Alimpiga Arnold teke, akakojoa karibu na viatu vya kasisi, akacheua mbele ya wakwe wote bila haya. Mama Zilpa alimtazama akasema, "Huyu hana adabu hata kidogo. Huyu ndio mzuri."

Kwa hiyo maombi yangu yote nayafuta, isipokuwa hili: kile kipimajoto cha zamani kiliingia shimoni pamoja na fahali, na hiki cha leo ameazimwa. Mpe Afisa wako kipya, cha kudumu. Kabati na kufuli havihitajiki.

Ojakol ameshamaliza kazi yake. Ini limetolewa, naye binti yuko ndani, ameinama juu yake na kisu kidogo, analikata na kulitazama, analigeuza na kulitazama tena. Jiko liko tayari na watu wamenizunguka. Mama Zilpa ananihimiza. Nina njaa ya wiki nzima, lakini mdomo wangu nimeufunga, na sitaufungua mpaka Akiror mwenyewe atoke mlangoni aniambie, "Papa, kula."